Nimerudi kwenye komiti iliyokuwa ikifanya kazi, mbona hesabu bado ni mbovu?

#1 Mkusanya_Lita (Duga, Tanga), Jumatatu saa 2:40 usiku

Wakuu, salaam. Mimi ndiye niliyeandika programu ndogo ya kupokelea maziwa katika kituo kimoja cha kukusanyia hapa Tanga. Wafugaji huleta maziwa asubuhi na jioni, karani hupima na kuandika lita, kisha programu hujumlisha na kutoa orodha ya malipo mara mbili kwa mwezi, yaani ya tarehe 1 hadi 15 na ya tarehe 16 hadi mwisho wa mwezi. Msimbo wote, yaani maandishi ya programu, ni wa lugha ya PHP na hifadhidata ya MySQL, na tangu siku ya kwanza ninautunza kwa Git, programu inayohifadhi kila toleo la msimbo kama komiti, yaani picha ya faili zote kwa wakati ule.

Kwa miezi saba programu ilifanya kazi bila lawama. Baadaye nikaongeza sehemu ya kuwatumia wafugaji ujumbe mfupi wa simu, nikabadilisha na mpangilio wa ripoti. Katika malipo yaliyofuata, mama mmoja wa Pongwe alikuja na daftari lake mkononi akaonyesha kwamba lita zake za tarehe 16 zimeingizwa katika nusu ya kwanza ya mwezi, ilhali za tarehe 1 hazimo. Nilipokagua wengine nikakuta ni wote. Kwa kuwa siku zinabaki 15 zile zile, na maziwa ya siku moja hayapishani sana na ya siku ya pili, hakuna mwingine aliyekuwa ametambua.

Nikafanya tunachofundishwa sote: nikatafuta komiti ya mwisho kabla ya mabadiliko hayo, nikairudisha kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayoendesha programu, nikajaribu tena. Hesabu ni mbovu vile vile. Sasa nimeanza kuamini kwamba Git haimrudishi mtu kwenye programu inayofanya kazi, bali inampa tu faraja ya kuona namba za zamani. Mwenye kunikosoa anikosoe kwa hoja.

#2 Fundi_Chumbageni

Kabla ya kuilaumu Git, tuambie ulitumia amri gani, kwa sababu neno "kurudisha" linabeba mambo matatu yasiyofanana. Amri ya git revert hairudi nyuma hata hatua moja. Inaandika komiti mpya inayotengua mabadiliko ya komiti uliyoitaja, na zilizoandikwa baada yake zinabaki kama zilivyo. Amri ya git reset inalisogeza tawi lenyewe, yaani mstari wa komiti unaoufanyia kazi, hadi komiti ya zamani, na ukiiongezea --hard inafuta pia kazi ambayo hujaikomiti. Amri ya git checkout, au git restore kwa matoleo ya kuanzia 2.23 la mwaka 2019, inaweza kuchukua faili za komiti ya zamani na kuziweka mezani pako bila kulisogeza tawi. Watu wengi husema "nimerudisha" wakiwa wamefanya la kwanza huku wakitegemea matokeo ya la pili.

#3 Nazi_ya_Pangani

Mimi mwenzenu niliona watu wanazungumzia kurudisha kodi, nikaingia mbio nikidhani ni kodi ya nyumba. Kumbe ni kodi za kompyuta. Basi nakaa hapa pembeni na kahawa yangu, endeleeni.

#4 Mkusanya_Lita

Kaka Fundi, ahsante. Nilitumia "git checkout 4f9c2ab -- ." nikiwa ndani ya folda ya programu kwenye seva. Nilifungua faili ya ripoti kwa macho yangu, nikaona kwamba ni ile ya zamani, neno kwa neno. Kwa hiyo sikubali kwamba nilikosea amri.

@Nazi, ndiyo maana nimeandika "msimbo" kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo la kodi umelileta wewe.

#5 Binti_Raskazone

Hukukosea herufi, kaka yangu, lakini amri hiyo ina tabia ambayo wengi hawaijui. Ukiandika checkout pamoja na njia ya faili, hata kama njia hiyo ni nukta tu, Git huzirudisha faili zote zilizokuwemo katika komiti ya zamani, ila haizifuti zile zilizozaliwa baadaye. Faili ya ripoti itakuwa ya zamani kweli, na pembeni yake zitaendelea kukaa faili za ujumbe mfupi ulizoziongeza. Kama programu yako husoma kila faili iliyomo katika folda ya mipangilio, jambo ambalo ni la kawaida katika PHP, basi kilicho hai kwenye seva si toleo la zamani wala jipya. Ni mchanganyiko ambao haujawahi kuwepo siku yoyote katika historia ya hazina yako, yaani folda inayotunzwa na Git.

Linganisha kwa "git diff --stat 4f9c2ab". Ukikuta faili zimetajwa, hujafika ulikokusudia. Amri ya "git restore --source=4f9c2ab ." hufanya tofauti na hiyo: faili ambazo Git inazifuatilia, na ambazo hazikuwemo katika komiti ile, huziondoa.

#6 Mzee_wa_Flashi (Makorora)

Vijana, shikamooni hamniambii, nami naendelea. Nimeandika programu za maduka ya Ngamiani tangu enzi za diski laini, na sijawahi kupatwa na mkasa huu. Kila jioni nanakili folda nzima kwenye flashi, naiandika tarehe, naweka kwenye droo. Programu ikiharibika ninafungua droo. Hiyo Git mnayoiabudu imeletwa na kampuni ya GitHub ili watu wawahifadhie kazi zao kwake, na kabla ya hapo dunia ilikuwa ikiandika programu na zikafanya kazi.

#7 Fundi_Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima, hapo kwenye historia umeteleza. Git iliandikwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu ya kutunza matoleo waliyokuwa wakiitumia tangu 2002, na ilipofika Julai mwaka huo huo alimkabidhi Junio Hamano kuitunza. GitHub ilifunguliwa 2008, ikiwa ni mahali pa kuweka hazina za Git, kama vile ghala lilivyo mahali pa kuweka mkonge ingawa si ghala linalouotesha. Na kuhusu dunia ya kabla yake, huko Bell Labs walikuwa na SCCS tangu 1972, na RCS ya Walter Tichy ikafuata mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kwa hiyo watu wa diski laini nao walikuwa na kumbukumbu za matoleo. Waliokosa ni wenye droo.

#8 Nazi_ya_Pangani

Hapo kwenye droo mzee ajibu mwenyewe. Mimi nilishawahi kuona folda yake imeandikwa MPYA_MWISHO_SASA_KWELI_2, na pembeni yake iko MPYA_MWISHO_SASA_KWELI_2_USIGUSE.

#9 Mzee_wa_Flashi

Marahaba. Folda hiyo ilikuwa ya mteja na si yangu, na hadi leo duka lake linatoa risiti. Lakini sikilizeni, kuna jambo mnalipita. Ninaponakili folda nzima, ninanakili pamoja na maktaba za programu (vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine), faili ya mipangilio yenye nywila, na nakala ya hifadhidata niliyoitoa jioni ile. Huyu kijana amerudisha msimbo peke yake. Mimi nikirudisha, narudisha nyumba pamoja na vyombo vyake.

#10 Chungwa_la_Muheza

Nimecheka, ila nasimama upande wa mzee kwenye hoja hii, kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na programu ya kupimia machungwa ya madalali hapa Muheza, na siku moja ikagoma. Nikarudi komiti kumi nyuma, ikagoma. Thelathini nyuma, ikagoma. Nilifika hadi komiti ya kwanza kabisa, ambayo ndani yake kulikuwa na ukurasa mmoja wa salamu, nayo ikagoma. Kosa lilikuwa kwenye maktaba. Nilikuwa nimeiorodhesha faili ya composer.lock, inayofunga matoleo ya maktaba, ndani ya .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git isivitazame, basi kila nilipoweka maktaba upya Composer, chombo cha kuweka maktaba za PHP, ilitafuta matoleo mapya kabisa yanayoruhusiwa, na mojawapo lilikuwa limebadilisha namna ya kusoma namba zenye desimali. Msimbo wangu ulikuwa wa Machi, maktaba zilikuwa za Juni, na Git haikuwa na kosa lolote kwa sababu mimi ndiye niliyeiambia isiitazame faili ile.

Mkuu Mkusanya_Lita, tazama kama composer.lock iko katika hazina, na kama kwenye seva uliendesha "composer install" baada ya kurudi. Ukiendesha "composer update" umeandika upya kilichofungwa, na hapo umeanza safari nyingine.

#11 Mkusanya_Lita

Nimefanya kazi usiku kucha, nawajibu kwa mpangilio.

Dada Binti, ulisema kweli. Faili tisa za ujumbe mfupi zilikuwa bado zimekaa pale. Nimetumia git restore kama ulivyoelekeza na sasa git diff haitaji kitu. Hesabu bado ni mbovu.

Mkuu Chungwa, composer.lock imo katika hazina tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba seva yetu ni ya kukodi kwa pamoja na watu wengine na haina Composer, kwa hiyo folda ya vendor, yenye maktaba hizo, niliipakia kwa FTP (njia ya kupakia faili kwa mtandao) kutoka kwenye kompyuta yangu. Nimejaribu kukumbuka ni lini niliipakia mara ya mwisho, na ukweli ni kwamba siwezi kuapa.

#12 Chungwa_la_Muheza

Basi kesi imekwisha. Ni vendor.

#13 Saa_ya_Bandari

Haijaisha. Maktaba ikivunjika huvunja mahali popote. Haichagui tarehe 1 na tarehe 16. Someni tena bandiko la kwanza. Lita za tarehe 16 zimehamia nusu ya kwanza, na za tarehe 1 zimetoka. Maana yake kila siku imerudi nyuma siku moja, ila mwanya unaonekana mipakani tu. Mimi nikiona tarehe imerudi nyuma siku moja kamili, sitafuti komiti, natafuta saa.

Hapa kwetu tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile inayoitwa UTC. Tarehe ikiandikwa bila saa, programu nyingi huijazia saa sita kamili ya usiku. Saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 16 hapa Tanga ni saa tatu usiku ya tarehe 15 kwa UTC. Basi mahali fulani mmoja anaandika kwa saa ya Tanga na mwingine anasoma kwa UTC. Mipangilio hiyo inaweza kuwa kwenye php.ini, faili ya mipangilio ya PHP kwenye seva, ambayo haimo katika hazina ya mtu yeyote, na mwenye seva anaweza kuibadilisha siku anayoboresha toleo la PHP bila hata kukuarifu.

#14 Bi_Kisosora

Shehe, hoja yako ni nzuri, ila inategemea aina ya safu katika hifadhidata, yaani sehemu ya jedwali inayohifadhi aina moja ya taarifa. Katika MySQL, safu ya aina ya DATE huhifadhi tarehe tu, haina saa ya kugeuzwa, na hata DATETIME haigeuzwi. Ni TIMESTAMP peke yake ambayo MySQL huibadili kuwa UTC inapoandika, kisha huirudisha kwa saa ya anayesoma. Kama safu ya siku ya kupokea maziwa ni DATE, hadithi ya saa tatu inabidi itafute mlango mwingine wa kuingilia. Mkuu, safu yako ni ya aina gani?

#15 Mkusanya_Lita

Bibie, hapo umenigusa pabaya.

Ilikuwa DATE. Nilipoongeza ujumbe mfupi nilitaka kujua saa ambayo maziwa yalipokelewa, nikaigeuza kuwa TIMESTAMP. Nilifanya kwa mkono kupitia phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, bila kuandika popote. Na nilipoamua kurudi kwenye komiti ya zamani, nikakumbuka kuigeuza tena kuwa DATE ili ifanane na msimbo wa zamani, pia kwa mkono.

#16 Bi_Kisosora

Umeigeuza mara ya pili ukiwa unasoma kwa saa ipi?

#17 Mkusanya_Lita

Sikuangalia.

#18 Bi_Kisosora

Basi tuseme bila kuogopana. Kama muunganisho wa phpMyAdmin ulikuwa ukisoma kwa UTC wakati tarehe zilikuwa zimeandikwa kwa saa ya Tanga, MySQL ilipoigeuza safu kuwa DATE ilikata saa na kubakiza tarehe iliyokuwa ikiiona, ambayo ni ya jana yake. Tangu dakika hiyo kosa halimo tena katika msimbo wala katika mipangilio, limekwisha kuandikwa ndani ya data. Unaweza kurudi hadi komiti ya kwanza na tarehe 16 itaendelea kuitwa tarehe 15, kwa sababu ndivyo inavyoitwa sasa.

Ninyi nyote mnaopita humu, mabadiliko ya muundo wa hifadhidata yaandikwe kama faili za hatua, zikomitiwe pamoja na msimbo unaozihitaji, na kila faili iwe na sehemu ya kwenda na sehemu ya kurudi. Hata hivyo sehemu ya kurudi haiponyi kilichokatwa. Safu ukishaifuta, amri ya kurudi itakujengea safu tupu.

#19 Saa_ya_Bandari

Kwa hiyo tumekubaliana kwamba ni saa.

#20 Bi_Kisosora

Hatujakubaliana. Wewe unasema ni mipangilio ya seva, mimi nasema ni kazi ya mikono yake. Dawa zake ni mbili tofauti.

#21 Jahazi_Sahare

Samahani kwa kuingilia, ila nataka kuwaonya wanaosoma uzi huu wakikimbilia git reset --hard iliyotajwa katika bandiko la 2. Nilipoteza kazi ya siku mbili kwa amri hiyo. Bahati yangu ni git reflog, ambayo ni daftari la kila mahali HEAD, yaani alama ya komiti uliyopo sasa, ilipowahi kusimama. Niliona komiti niliyoiacha, nikaandika "git branch uokozi" pamoja na namba yake, na kazi ikarudi kama haikuwahi kupotea. Kwa hiyo msiwe na hofu, Git haipotezi kitu, reflog inatunza kila kitu daima.

#22 Binti_Raskazone

Kaka Jahazi, nafurahi kazi ilirudi, lakini sentensi yako ya mwisho itamponza mtu. Reflog haitunzi daima. Kwa kawaida maandishi yake hukaa siku 90, na yale ya komiti ambazo hazifikiki tena kutoka kwenye tawi husika hukaa siku 30, kisha usafi wa ndani wa Git unaweza kuziondoa. Pili, reflog ni ya kompyuta yako peke yako. Ukinakili hazina upya kwa git clone unapata daftari jipya lisilo na historia hiyo. Tatu, na hili ndilo kubwa, inaandika komiti. Kazi ambayo hukuikomiti haimo. Kama ulikuwa umefika hatua ya git add, yaani kuziandaa faili kwa komiti, bado kuna tumaini, kwa sababu yaliyomo yamekwisha kuhifadhiwa ndani ya .git hata kama hayana jina, na "git fsck --lost-found" itakuletea vipande hivyo uvifungue kimoja kimoja ukitafuta cha kwako. Kama hukufika hata hapo, tegemea kumbukumbu ya kihariri chako.

Mimi nimewahi kuvifungua vipande zaidi ya mia mbili jioni moja. Sitaki kukumbuka.

#23 Jahazi_Sahare

Nimekosolewa na nimekubali. Kazi yangu ilikuwa imekomitiwa, ndiyo maana nilijiona shujaa.

#24 Fundi_Chumbageni

Turudi kwa mwenye uzi. Ninaona maelezo manne yamelundikana na kila mwenye lake analishika kama mvuvi na wavu wake. Kuna njia ya kupima badala ya kubishana, nayo ni git bisect. Unaitajia komiti moja unayojua ni mbovu na moja unayojua ni nzima, nayo inakupeleka katikati; unapima, unasema nzima au mbovu, inagawa tena nusu. Una komiti ngapi kati ya hizo mbili?

#25 Mkusanya_Lita

212. Nilikuwa nakomiti hata nikibadilisha nukta.

#26 Fundi_Chumbageni

Usijilaumu, hiyo ni sifa. Kwa 212 utapima kama mara nane tu, kwa sababu ukianza na moja na kuizidisha kwa mbili mara nane unafika 256. Andika jaribio dogo linaloingiza lita 10 za tarehe 16 na kuuliza ziko nusu ipi, kisha tumia "git bisect run" ili ijipime yenyewe. Ukimaliza, "git bisect reset" inakurudisha ulipokuwa. Fanya kwenye kompyuta yako, tafadhali usifanye kwenye seva ambayo wafugaji wanaitegemea.

#27 Mkusanya_Lita, Jumatano saa 5:15 usiku

Nimemaliza. Hatua zilikuwa nane kweli. Git inasema komiti ya kwanza yenye kosa ni hii ifuatayo, nanukuu ujumbe wangu mwenyewe: "Kubadilisha rangi ya kitufe cha kuhifadhi kutoka bluu hadi kijani."

#28 Nazi_ya_Pangani

Kijani kinarudisha tarehe nyuma! Nimekunywa kahawa ya tatu na sijutii.

#29 Chungwa_la_Muheza

Bisect haidanganyi ila haijui kufikiri. Ikiwa jaribio lako linatoa jibu tofauti kwa sababu isiyokuwa ndani ya msimbo, itakupeleka kwenye komiti yoyote. Uliendesha composer install katika kila hatua? Kama hukufanya hivyo, ulikuwa unapima msimbo wa siku mbalimbali kwa maktaba za siku moja.

#30 Saa_ya_Bandari

Au ulianza kupima kabla ya saa tatu usiku na kumaliza baada yake, na jaribio linatumia neno "leo" mahali fulani. Kabla ya saa tatu usiku, kompyuta inayohesabu kwa saa ya Tanga na inayohesabu kwa UTC zilikuwa na fursa moja ya kutofautiana juu ya saa sita ya usiku unaofuata, na baada yake wakawa na nyingine. Tazama bandiko lako limeandikwa saa ngapi.

#31 Binti_Raskazone

Shehe, sentensi hiyo nimeisoma mara tatu na bado sijaielewa. Saa tatu usiku ya Tanga ni saa kumi na mbili jioni kwa UTC, na tarehe ni ile ile kwa pande zote mbili. Zinapotofautiana ni kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa usiku kwa saa yetu. Yeye alimaliza saa tano na robo.

#32 Saa_ya_Bandari

Ni kweli, nimegeuza upande. Nafuta hilo la "leo". La saa sita ya usiku katika bandiko la 13 silifuti.

#33 Mama_Wawili_Mabawa

Habari zenu. Mimi si mwandishi wa programu, nilikuwa karani katika kituo kama hicho kwa miaka minne. Nimesoma kimya tangu juzi na nina swali moja. Je, karani wenu bado ni yule yule? Nauliza kwa sababu mimi nilikuwa nikiandika maziwa palepale ndoo inapopimwa, lakini niliyemkabidhi kazi alikuwa akiandika kwanza kwenye karatasi, kisha anaingiza kwenye kompyuta asubuhi ya pili, akichagua tarehe kwenye kalenda. Kwa macho yake tarehe ni ile ile. Sijui kama kwa kompyuta ni ile ile.

#34 Bi_Kisosora

Dada, ahsante sana. Hili linaweza kuwa zito kuliko yote tuliyoandika. Anayeandika palepale anaihifadhi saa halisi, tuseme saa kumi na mbili asubuhi, ambayo ukiitoa saa tatu bado ni siku hiyo hiyo. Anayechagua kwenye kalenda anahifadhi tarehe isiyo na saa, inayojaziwa saa sita ya usiku, ambayo ukiitoa saa tatu ni jana. Udhaifu ungeweza kuwemo katika msimbo tangu komiti ya kwanza, na hiyo miezi saba ya amani ilikuwa ni tabia ya karani.

#35 Mkusanya_Lita

Karani alibadilika. Wa kwanza aliolewa Korogwe. Sikumbuki kama ni kabla ya TIMESTAMP au baada.

#36 Mzee_wa_Flashi

Mimi naona wote mmesahau daftari la mama wa Pongwe. Ndilo kumbukumbu ya pekee katika uzi huu ambayo hakuna aliyeigeuza aina ya safu. Kabla ya kurekebisha tarehe hata moja, kusanya madaftari ya wafugaji wanaoandika, linganisha siku kwa siku, ujue data ilipoanza kuteleza ni tarehe ngapi. Ukishajua siku hiyo, ifungue Git yako uone siku hiyo ulifanya nini, umuulize na karani alifanya nini.

#37 Fundi_Chumbageni

Mzee leo umetuacha mbali. Ongezea hapo "git log --since" na "--until" kwa tarehe hizo, na uangalie tarehe za komiti kwa uangalifu, kwa kuwa kila komiti ina mbili: ya mwandishi na ya aliyeikomiti, na ukiwa uliwahi kupanga upya historia kwa git rebase, hazitafanana. Kinachoonyeshwa kwa kawaida ni ya mwandishi, ilhali --since na --until hufuata ya pili.

#38 Mkusanya_Lita, Ijumaa saa 4:05 usiku

Nimetoka kituoni. Nimepata madaftari sita, moja limelowa maziwa na halisomeki kuanzia katikati. Kati ya matano, mteremko unaanza siku ile ile katika manne, na siku tatu kabla katika la tano. Siku ile ya manne nina komiti mbili: moja ni ya ujumbe mfupi, nyingine ni ya kitufe cha kijani. Karani mpya anasema alianza kazi "wiki ile ile", na hakumbuki siku.

Nimechukua nakala ya hifadhidata ya seva nikaiweka kwenye kompyuta yangu pamoja na komiti 4f9c2ab na maktaba za composer.lock yake. Lita ninazoingiza mpya zinakaa mahali pake. Za zamani bado ziko pabaya. Kwenye seva, msimbo ule ule, hata mpya zinateleza.

#39 Saa_ya_Bandari

Seva. Nilisema.

#40 Chungwa_la_Muheza

Seva ndiyo yenye vendor ya FTP. Nilisema.

#41 Bi_Kisosora

Za zamani ziko pabaya hata kwenye kompyuta yako, kwa hiyo zimekatwa. Nilisema.

#42 Mama_Wawili_Mabawa

Na lile daftari la tano lililoanza siku tatu kabla, ni la mfugaji anayeleta maziwa asubuhi au jioni?

#43 Mkusanya_Lita

Jioni tu. Kesho alfajiri nampitia nyumbani kwake Mwakidila kabla hajaenda kukamua, nimwombe na la mwezi uliotangulia.